Namna ya Kujenga Mwamba Bandia kwa Ajili ya Kamba Kochi na Chaza

Kikundi cha wavuvi kinachotaka kuzamisha mwamba bandia hakina budi kuamua kwanza kinamjengea mnyama gani, kwa sababu kamba kochi na chaza hawapendi makazi ya aina moja, na zege lililozamishwa kabla ya swali hilo kujibiwa mara nyingi huishia kuwa maskani ya chewa.

Kamba kochi hutafuta maficho ya mchana. Hutaka giza juu ya mgongo, mlango mfupi na upenyo wa pili wa kukimbilia. Wavuvi wa Punta Allen, nchini Meksiko, wanalijua vizuri jambo hili: hulaza juu ya mchanga bamba pana lililoinuliwa kidogo, mfano wa meza iliyokatwa miguu, hata mzamiaji anayetaka kuchungulia hulazimika kushusha shavu karibu na mchanga. Kinachoonekana kwanza ni sharubu nyingi zilizoelekezwa nje, maana kamba wa huko huvutwa na harufu ya wenzao na hukaa pamoja. Basi pimeni kimo cha mlango kwa kamba mnayemlenga. Kimzidi kidogo tu, ili chewa mkubwa asipite. Kamba wachanga wanahitaji mianya midogo zaidi, nao wakikosa pa kujificha huliwa kabla hawajakua, kwa hiyo changanyeni ukubwa wa matundu.

Usiku kamba hutoka kutafuta konokono na kome. Wekeni mwamba kando ya majani ya bahari, wala si juu yake, kwa kuwa kivuli huyaua. Chomekeni upondo kwanza: ukizama kwa urahisi, hapo ni tope, na mlango utafukiwa.

Chaza hahitaji tundu. Anahitaji uso mgumu, safi na wenye mikwaruzo. Mabuu wake huelea majini kwa muda, kisha hujigandisha mahali pamoja maisha yote, na hupenda zaidi palipo na magamba ya chaza wengine. Kwa sababu hiyo, pachikeni magamba makavu kwenye zege lingali bichi. Chaza wa mwambani wa pwani yetu huishi baina ya maji kupwa na maji kujaa, hivyo kumjengea kilindini ni kupoteza saruji.

Msitumie matairi. Huko Florida, katika miaka ya 1970, yalizamishwa matairi yapatayo milioni 2. Kamba zilizoyafunga zilikatika, nayo yakasukumwa na mawimbi hadi yakaharibu matumbawe hai.

Kombe hujifukia mchangani, na mwamba haumfai kwa lolote. Waulizeni akina mama wanaookota kombe kabla ya kuchagua eneo, kwani nimeona ni wao wanaoujua mchanga huo hatua kwa hatua.

Kusi ikiisha, zamieni mkague milango, na uliozibwa na mchanga ufukueni kwa mikono.