SOMO: Kutafuta taarifa sahihi za dawa ukiwa kwenye dirisha la dawa na simu tu

Habari wakuu. Hili somo ni kwa wafamasia, mafundi sanifu dawa, manesi na madaktari mlioko vituoni ambako vitabu ni vya zamani ila simu ipo na bando lipo. Ninachosisitiza ni kimoja tu: ukimjibu mtu swali la dawa uweze kumwonyesha jibu umelitoa wapi.

Twende na mfano. Mama anatumia TLD (kidonge kimoja cha dawa za VVU chenye tenofovir, lamivudini na dolutegraviri), ana kisukari yuko kwenye metfomini, na kapewa vidonge vya damu. Anauliza je, zinagombana?

HATUA YA 1: Muulize kwanza, simu baadae. Anameza miligramu ngapi, saa ngapi, figo zilipimwa lini, ana mimba au ananyonyesha, kuna dawa ya kienyeji? Wengi wanaruka hapa ndo maana wanapata jibu zuri ambalo sio la yule mgonjwa.

HATUA YA 2: Soma lebo, yaani maelezo rasmi ya dawa. Ingia DailyMed, ni bure, ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Lebo ni ndefu mno usisome yote, sehemu ya 4 ni nani hatakiwi kupewa kabisa, ya 7 mwingiliano wa dawa, ya 8 wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wazee.

HATUA YA 3: Kwa ARV (dawa za VVU) nenda hiv-druginteractions.org ya Chuo Kikuu cha Liverpool, nayo bure. Unachagua dolutegraviri, unachagua dawa nyingine, inakupa rangi. Nyekundu maana yake usizichanganye, kijani hamna shida, za katikati ndo zinataka akili. Na usiishie kwenye rangi jamani, fungua usome maelezo! Utakuta dolutegraviri inazuia figo kuitoa metfomini kwa hiyo inajaa kwenye damu, kwenye utafiti wa dozi ya 50 mg mara moja kwa siku ilipanda kwa asilimia 79, ndo maana miongozo mingi inataka metfomini isizidi 1000 mg kwa siku na figo zifuatiliwe. Vidonge vya damu shida yake ni nyingine, madini ya chuma yanaikamata dolutegraviri tumboni haiingii vizuri mwilini, hivyo ameze TLD masaa 2 kabla ya vidonge vya damu au masaa 6 baada ya hivyo vidonge, au vyote pamoja na chakula. Chakula kweli, sio chai kavu.

HATUA YA 4: Linganisha na mwongozo wa nchi yako. Kwa Tanzania ni STG/NEMLIT (mwongozo wa matibabu na orodha ya dawa muhimu) ya Wizara ya Afya, ipakue PDF ikae kwenye simu maana mtandao hauaminiki.

HATUA YA 5: Andika kwenye daftari swali, jibu, chanzo na tarehe. Zamu inayofuata itakushukuru.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, huyo mama akiwa na TB je?
Jibu: Rifampisini, dawa ya TB, inashusha dolutegraviri sana. Anaendelea na TLD yake halafu anaongezewa dolutegraviri 50 mg baada ya masaa 12, yaani inakuwa mara mbili kwa siku. Mrudishe CTC (kliniki ya VVU), usimalizane nae dirishani.

Swali: Mimi niko wodi ya wazazi, wanaonyonyesha naangalia wapi?
Jibu: LactMed dada, ni hifadhidata ya mtandaoni ya dawa na kunyonyesha, bure kabisa, inakwambia dawa inaingia kiasi gani kwenye maziwa na mbadala ni upi. Na tramado (dawa ya maumivu) tafadhali kuweni makini, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walishatoa onyo toka 2017 kwamba mama anayenyonyesha asitumie tramado wala kodeini, maana kuna akina mama miili yao inazibadilisha haraka sana na mtoto anaweza kushindwa kupumua.

Swali: Majarida mengi yanataka hela, tunafanyaje?
Jibu: Muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako kuhusu Hinari, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, WHO wameianzisha 2002 pamoja na wachapishaji. Usajili ni wa taasisi sio mtu mmoja, ukipewa nywila unasoma.

Swali: Nimeuliza AI ikanipa dozi fasta, nitumie?
Jibu: Dozi yoyote fungua lebo uione kwa macho yako ndo utoe. Usipoiona kwenye lebo wala STG, mpigie mfamasia wa mkoa.

Swali: Mgonjwa kapata vipele baada ya dawa, napeleka wapi taarifa?
Jibu: TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania), kwa fomu ya njano au mtandaoni. Jina la dawa, namba ya bechi, siku aliyoanza kumeza na siku vipele vilipotokea. Kama bado ana boksi mwambie asilitupe.