Kuweka OpenSSL 1.1 kando ya OpenSSL 3 kwenye Ubuntu 22.04

Aliyehamishia programu ya zamani kwenye Ubuntu 22.04 huenda amekutana na ujumbe huu:

error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file

Maana yake ni kwamba programu hiyo iliundwa kwa kutegemea OpenSSL 1.1, yaani toleo la zamani la maktaba inayosimba mawasiliano kwa usalama, ilhali Ubuntu 22.04 huja na OpenSSL 3 peke yake. Hakuna haja ya kuing'oa moja ili nyingine ipate nafasi, kwa kuwa faili moja inaitwa libssl.so.1.1 na nyingine libssl.so.3, na Linux hutafuta jina lile lile lililoandikwa ndani ya programu.

Wengi hukimbilia njia ya mkato, yaani kuipa libssl.so.3 kiungo chenye jina la libssl.so.1.1. Njia hiyo haifanyi kazi, kwa sababu programu hukagua pia alama ya toleo iliyomo ndani ya maktaba, na isipoiona OPENSSL_1_1_0 hugoma kuanza. Ni afadhali igome, kwani bila ukaguzi huo ingeweza kuanza vizuri kisha ikazimika katikati ya kazi.

Pakua msimbo wa 1.1.1w kutoka tovuti ya OpenSSL, sakinisha build-essential kwa apt, kisha ndani ya folda ya msimbo endesha amri hizi:

./config --prefix=/opt/openssl-1.1 --openssldir=/opt/openssl-1.1/ssl shared
make
make test
sudo make install_sw install_ssldirs

Sehemu ya --prefix ndiyo roho ya kazi yote, maana bila hiyo faili zitaingia /usr/local, ambako amri ya openssl ya zamani itaitangulia ile ya mfumo.

Folda ya vyeti iliyotengenezwa ni tupu, na programu ikiikuta hivyo italalamika kwamba haiwezi kuthibitisha cheti cha seva yoyote. Ielekeze kwenye vyeti vya mfumo:

sudo rmdir /opt/openssl-1.1/ssl/certs
sudo ln -s /etc/ssl/certs /opt/openssl-1.1/ssl/certs

Sasa andika skripti fupi ya kuianzisha programu, ambayo kwa LD_LIBRARY_PATH huiambia Linux folda ya kutafuta maktaba kwanza. Hapa nimeiita mizani kwa mfano tu:

#!/bin/sh
export LD_LIBRARY_PATH=/opt/openssl-1.1/lib
exec /opt/mizani/bin/mizani "$@"

Usiiweke LD_LIBRARY_PATH kwenye .bashrc, kwani siku utakapoongeza maktaba nyingine katika folda ile, kila programu utakayoianzisha itaanza kuzitafuta maktaba zake humo.

Hakikisha kwa amri hii, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazitumia:

LD_LIBRARY_PATH=/opt/openssl-1.1/lib ldd /opt/mizani/bin/mizani | grep -E 'ssl|crypto'

Majibu yaonyeshe /opt/openssl-1.1/lib. Yakionyesha libssl.so.3 pia, kuna maktaba nyingine, mara nyingi libcurl (maktaba ya kupakua na kutuma data mtandaoni), inayoivuta OpenSSL ya mfumo ndani ya programu ile ile. Mchanganyiko huo unaweza kwenda salama, lakini ujaribu kwa makini kabla ya kuutegemea.

Toleo la 1.1.1 liliacha kupata marekebisho ya bure ya usalama Septemba 2023, kwa hiyo programu ya namna hii haifai kupokea maunganisho moja kwa moja kutoka intaneti. Siku litakapopatikana toleo la programu hiyo lililoundwa kwa OpenSSL 3, futa skripti yako pamoja na /opt/openssl-1.1, hakuna kingine cha kurekebisha.