Kumfundisha kusoma mtoto mwenye mahitaji maalum, tukiwa nyumbani huku Lamu

Hii nawaandikia wazazi, mashangazi na walimu walio na mtoto ambaye wenzake washaanza kusoma na yeye bado, awe na disleksia (akili iko sawa lakini herufi na maneno humpa tabu) au otizimu (usonji, mtoto huona tabu kuwasiliana na kuchangamana na watu) au hamna aliyewaambia ni nini. Kabla ya kitabu chochote mpelekeni akapimwe macho na masikio, manake wengi huitwa wazito kumbe hawauoni ubao. Alafu ulizieni kituo cha tathmini cha serikali, vile vinaitwa EARC, vipo Kenya tangu 1984 na kazi yao ndio hiyo, kumpima mtoto na kushauri asome wapi na vipi.

Sasa kazi yenyewe. Kinachowaumiza watoto wetu naona ni kupewa mambo matatu kwa mpigo, shuleni anaambiwa a ni "ei", e ni "ii", i ni "ai", jioni chuoni, yaani madrasa, yuko na alifu be te kutoka kulia kwenda kushoto, na katikati kuna Kiswahili ambacho i ni i basi. Mwenziwe atavuka, huyu anazama. Kwa hivo shika Kiswahili kwanza, na majina ya herufi yaache kabisa, wewe sema sauti tu, m ni "mmm" si "em". Chuo asiache, mwambie maalim mnachofanya, na kwenye daftari la Kiswahili weka doa la kijani kushoto kwa kila mstari ajue pa kuanzia.

Mwanzo ni mdomo bila kalamu. Pigeni makofi, da-u, sa-ma-ki, pu-nda, mpaka asikie mwenyewe neno limekatika wapi. Mtoto kiziwi, hii njia si yake, yeye ahitaji lugha ya ishara na picha kwanza.

Akishaweza kukata maneno kwa makofi mpe a e i o u, na hapo hapo msomeshe ua, oa, au, ajue kwamba anasoma kweli, usingoje. Ongeza m peke yake: ma me mi mo mu, apate mama na mimi. Kisha s, kisha l, asome sima, limau, masomo, lala. Tafadhali b na d usizifundishe wiki moja, b ikae kwanza kabisa kichwani ndio d ije, na n pia uiweke mbali na m.

Kuandika anzeni kwa mchanga, uko bure kila mahali, mimina kwenye sinia ulowe kidogo, achore herufi kubwa kwa kidole huku anatamka sauti yake. Zile kandambili zinazotupwa na bahari zioshe ukate herufi, lakini pigia mstari chini ya herufi, uso wa mbele tu, ama b itageuzwa iwe d na mtarudi nyuma. Mwenye mkono mgumu mzungushie penseli kitambaa iwe nene, na akishindwa bado mpe kadi za silabi azipange, aonyeshe kwa kidole, kusoma kusingoje mkono.

Watoto wenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza) wengi hushika vizuri kwa macho kuliko kwa masikio, hao wape neno zima na picha yake, dau, maji, jina lake, silabi zije baadaye. Mwenye otizimu anayependa punda, basi kila neno liwe la punda, hakuna ubaya wowote, na somo liwe saa ile ile pahali pale pale.

Dakika 10 zatosha, kila siku, na acheni angali anataka. Fimbo hapana, na kumwambia "tazama mdogo wako" pia hapana, inamfunga kabisa.

Ng', mbw, nyw ziacheni mwisho hata kama darasa lishafika huko, na mwalimu wake mwandikieni silabi anazozijua mpaka sasa, ili akiitwa asome mbele ya wenzake apewe hizo.