Kufuta taarifa za kuingia zilizobaki kwenye kivinjari

Mtu akiniambia "nimefuta nywila zangu zote, lakini tovuti bado inanipokea bila kuuliza," huwa sina haja ya kuiona kompyuta yake. Amefuta kitu kimoja, kilichomwingiza ndani ni kingine. Kivinjari (Chrome, Firefox, Edge au Safari) hakiweki taarifa za kuingia mahali pamoja. Kinaziweka sehemu tatu, na kila sehemu inafutwa kivyake. Kwa hiyo kabla hujabonyeza chochote, jua kwanza unashughulika na ipi.

Ya kwanza ni nywila yenyewe pamoja na jina la mtumiaji, yaani ile ambayo kivinjari kilikuuliza kama kiitunze, ukakubali. Utaitambua hivi: ukifungua ukurasa wa kuingia, unakuta visanduku vyote viwili vimeshajazwa, na cha nywila kina vitone.

Ya pili ni kidakuzi. Ni kipande kidogo cha data ambacho tovuti inakuachia kwenye kivinjari ukishaingia, mfano wa tiketi, ili isikuulize wewe ni nani kila unapofungua ukurasa mwingine. Kidakuzi kikiwepo, huuoni hata huo ukurasa wa kuingia. Unajikuta tu uko ndani ya akaunti.

Ya tatu ni kumbukumbu ya fomu. Unaandika herufi moja kwenye kisanduku cha barua pepe, mara inashuka orodha ya anwani zote zilizowahi kuandikwa pale. Nywila hazimo, ila kwenye kompyuta ya watu wengi orodha hiyo inamwambia kila ajaye ni nani walioitumia kabla yake.

Hatua ya kwanza: angalia kama kivinjari kimeunganishwa na akaunti

Usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Tazama juu kulia mwa dirisha, au juu kushoto kwa Edge. Ukiona picha yako au herufi ya kwanza ya jina lako, gusa hapo uone kama usawazishaji umewashwa. Ukiwa umewashwa, nywila unazoziona hapo si za kompyuta hiyo peke yake. Zimehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google, Microsoft, Mozilla au Apple, na ukifuta moja hapo inafutika kwenye simu na kila kifaa kingine kilichounganishwa.

Wengi huumia hapa, hasa anayerudisha kompyuta ya ofisi au anayeuza ya kwake. Anakaa chini anafuta nywila moja baada ya nyingine kwa bidii zote, akishika simu jioni hakuna hata moja. Kama lengo lako ni kuisafisha kompyuta unayoiacha huku ukitaka nywila zibaki kwako, usifute nywila. Ondoa wasifu wako wote, yaani sehemu ya kivinjari iliyotengwa kwa ajili yako, kwenye kompyuta hiyo. Katika Chrome, bonyeza picha yako, fungua sehemu ya kudhibiti wasifu, kisha kwenye vitone vitatu vya wasifu wako chagua kufuta. Historia, vidakuzi na nywila vinaondoka kwenye kompyuta, na vilivyomo kwenye akaunti yako ya Google vinabaki salama huko. Firefox nayo, unapoiondoa kwenye akaunti ya Mozilla, inakupa kisanduku cha kuweka alama ili data ifutwe kwenye kifaa hicho. Edge hufanya vivyo hivyo unapoondoka kwenye akaunti. Kisanduku hicho ndicho cha maana kwa mtu anayeaga kompyuta, kwa sababu bila kukiweka alama umejitenga na akaunti tu, data umeiacha palepale.

Kama wasifu huo una data ambayo haijawahi kusawazishwa, toa nakala kwanza. Kila kidhibiti cha nywila kina chaguo la kusafirisha, nalo hutoa faili la CSV, yaani orodha ya maandishi ya kawaida. Faili hilo halina ulinzi wowote: yeyote atakayelifungua atasoma nywila zako kama anavyosoma barua. Lihamishe, lifute kwenye folda ya vipakuliwa, na pipa la taka ulimwage. Nimeshafungua kompyuta za watu nikakuta kila kitu kimefutwa kwa uangalifu, na faili hilo limelala kwenye vipakuliwa.

Hatua ya pili: futa nywila

Nianze na Chrome ya kompyuta.

1. Fungua kichupo kipya, andika chrome://password-manager/passwords kwenye upau wa anwani, kisha bonyeza Enter. Njia hii ni fupi kuliko kupita kwenye menyu, ambazo hubadilishwa mara kwa mara.
2. Tafuta jina la tovuti kwenye kisanduku cha juu, kisha ulibonyeze.
3. Kompyuta itakuomba nywila yake yenyewe, namba ya siri au alama ya kidole. Hapa watu huchanganyikiwa wakaandika nywila ya tovuti. Kinachotakiwa ni ile unayofungulia kompyuta.
4. Soma jina la mtumiaji kabla ya kufuta. Tovuti moja inaweza kuwa na maingizo matatu au manne: barua pepe ya kazini, ya nyumbani, na ile uliyoikosea herufi siku moja ukakubali ihifadhiwe hivyohivyo. Bonyeza alama ya jicho uone nywila ya kila moja, ndipo uamue.
5. Bonyeza kitufe cha kufuta.

Kwenye simu, gusa vitone vitatu vya Chrome, ingia kwenye mipangilio, kisha Kidhibiti cha Manenosiri. Kuanzia hapo mambo ni yaleyale.

Kabla ya kubonyeza kufuta, jiulize kama hukupaswa kurekebisha. Mara nyingi tatizo linaloletwa kwangu ni nywila iliyobadilishwa kwa simu wakati kivinjari cha kompyuta kinaendelea kujaza ya zamani. Mtu anabonyeza kuingia, inakataa, anabonyeza tena, mwisho tovuti inaifunga akaunti kwa muda kwa kudhani ni mwizi anayejaribu bahati. Katika hali hiyo bonyeza kurekebisha, weka nywila mpya, basi.

Kwenye orodha hiyohiyo unaweza kukuta funguo za siri, yaani zile zinazokuingiza kwa alama ya kidole au uso bila nywila. Usizifute kwa mkumbo. Hakikisha kwanza akaunti ina njia nyingine ya kuingia, la sivyo utaanza safari ya kurejesha akaunti, nayo si fupi.

Firefox ni rahisi zaidi. Andika about:logins, chagua tovuti upande wa kushoto, bonyeza kufuta. Ukitaka kufagia zote, ndani ya ukurasa huo kuna vitone vitatu juu kulia vyenye chaguo la kuondoa zote, na itakutaka uthibitishe kwa kuweka alama. Edge: vitone vitatu, mipangilio, halafu andika "password" kwenye kisanduku cha kutafuta mipangilio, itakupeleka penyewe.

Kwa vifaa vya Apple, tangu iOS 18 na macOS Sequoia zilipotoka mwaka 2024, nywila za Safari zinakaa kwenye programu inayojitegemea iitwayo Passwords. Kwenye matoleo ya nyuma utazikuta ndani ya mipangilio. Ukifuta nywila kule haiondoki papo hapo: inahamia kwenye kundi la zilizofutwa karibuni na kukaa siku 30. Kama unamkabidhi mtu kifaa, ingia kwenye kundi hilo ufute mara ya pili.

Kufuta zote kwa mkupuo

Ctrl+Shift+Delete hufungua dirisha la kufuta data ya kuvinjari kwenye Chrome, Edge na Firefox. Kwenye Mac tumia Cmd badala ya Ctrl. Kitu cha kwanza kutazama ni muda. Dirisha likifunguka na kipindi kifupi, kama saa moja iliyopita, ukabonyeza kufuta bila kubadilisha, mambo ya mwaka mzima yanabaki yalivyo. Chagua wakati wote.

Cha pili ni visanduku. Katika Firefox dirisha hili halifuti nywila zilizohifadhiwa hata ukiweka alama kila mahali; za Firefox zinafutwa kule about:logins tu. Katika Chrome inategemea toleo: ama chaguo la nywila liko kwenye sehemu ya mipangilio ya kina ya dirisha hili, ama limehamishiwa kwenye mipangilio ya Kidhibiti cha Manenosiri. Na onyo la hatua ya kwanza linarudi hapa kwa nguvu zaidi, maana ukiwa umewasha usawazishaji mkupuo huu unaweza kufika kila kifaa kwa data inayosawazishwa, kama nywila.

Hatua ya tatu: vidakuzi

Anza kwa kutoka kwenye akaunti kwa kitufe cha tovuti yenyewe, ndipo ufute kidakuzi. Mpangilio huu una sababu. Ukibonyeza kutoka, seva ya tovuti, yaani kompyuta inayoiendesha, inaarifiwa na kwa kawaida hukata ruhusa yako ya kuwa ndani upande wake. Ukifuta kidakuzi peke yake, umechana tiketi iliyo mkononi mwako, lakini seva inaweza kuendelea kuitambua. Kama kuna aliyenakili kidakuzi hicho kabla, bado kinamfaa.

Kwa tovuti moja, ifungue, bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, nenda kwenye vidakuzi na data ya tovuti, kisha ufute. Sipendi kufuta vidakuzi vya tovuti zote kwa sababu ya tovuti moja. Utatolewa kila mahali kwa wakati mmoja, na kama zile nywila ulishazifuta na huzikumbuki kichwani, umejifungia nje mwenyewe.

Na kama kompyuta haiko tena mikononi mwako? Ingia kwenye akaunti kupitia kifaa kingine, fungua sehemu ya usalama, tafuta orodha ya vifaa, kisha kiondoe kile. Google, Facebook na Microsoft wote wana orodha hiyo. Halafu badilisha nywila, kwa sababu kuifuta kwenye kivinjari hakuibadilishi: aliyeinakili au kuikariri bado anayo.

Hatua ya nne: majina yanayoshuka kwenye kisanduku

Bonyeza ndani ya kisanduku, teremka kwa mshale wa chini hadi jina usilolitaka liwe limewekewa kivuli, usibonyeze Enter, bonyeza Shift+Delete. Kwenye kompyuta ndogo za Mac, kwa Chrome, ni Shift+Fn+Delete. Jina likikataa kutoka, basi huenda linatokana na nywila iliyohifadhiwa, wala si kumbukumbu ya fomu. Rudi hatua ya pili.

Kuzuia zisirundikane tena

Katika mipangilio ya kidhibiti cha nywila kuna swichi ya kuuliza kuhifadhi nywila. Kwenye kompyuta ya watu wengi izime. Kwenye kompyuta yako binafsi sioni sababu ya kuizima: nywila ndefu zilizotunzwa na kivinjari, kwenye kompyuta inayofungwa kwa nywila, ni bora kuliko nywila moja fupi inayotumika kila tovuti. Wanaotumia Firefox waongeze nywila kuu, ambayo kivinjari kitaiomba kabla ya kufungua zilizohifadhiwa.

Ukiazima kompyuta ya mtu, hali fiche (Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox) itafuta vidakuzi vyako ukifunga madirisha yake yote. Lakini hali fiche ya Chrome bado inaweza kukujazia nywila za mwenye kompyuta. Mwombe akufungulie dirisha la mgeni, ambalo halizigusi kabisa.

Hakikisha

Funga madirisha yote ya kivinjari, fungua upya, nenda kwenye ukurasa wa kuingia. Visanduku viwe vitupu. Vikijazwa tena, angalia kwa utaratibu huu: kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha kutunza nywila kilichosakinishwa kwenye kivinjari, ambacho kina hifadhi yake mbali na ya kivinjari, kisha wasifu mwingine ndani ya kivinjari hichohicho, kisha, kwa simu za Android, huduma ya kujaza kiotomatiki iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya simu, maana inaweza kuwa ya Google, ya Samsung au ya programu nyingine kabisa. Nywila inafutwa kwenye ile huduma inayoijaza, kwa hiyo tazama jina au alama inayotokea kando ya pendekezo pale kwenye kisanduku, uanzie hapo.