Kuomba kupandishwa cheo Lamu: hesabu miaka ya daraja, si miaka ya kazi

Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ikitangaza nafasi za kupandishwa cheo, barazani huwa na mjadala mmoja tu. "Mimi niko kazini tangu enzi za kansili. Huyu kijana nimempokea mimi mwenyewe, leo aje anipite?" Uchungu huo unaeleweka, lakini hauna nafasi kwenye fomu. Swali la kwanza la wanaochuja maombi si uliingia kazini lini, bali umelitumikia daraja ulilo nalo sasa kwa muda gani. Jibu likiwa pungufu, ombi lako huwekwa kando kabla hata vyeti havijaangaliwa.

Tuseme Bwana Athmani aliajiriwa na lililokuwa Baraza la Kaunti ya Lamu mwaka 2008, na Bi Zuhura akaajiriwa na serikali ya kaunti mwaka 2016. Zuhura aliingia daraja la K Novemba 2020. Athmani akaingia daraja hilohilo tarehe 1 Machi 2023. Tangazo la daraja la L linataka mtu aliyetumikia K kwa muda usiopungua miaka mitatu, na maombi yanafungwa 30 Januari 2026. Zuhura amepita. Athmani ana miaka 2 na karibu miezi 11 kwenye K, na miaka yake 17 na ushei serikalini haimfidii ule mwezi mmoja.

Katiba yenyewe, kifungu cha 232, inataja ushindani wa haki na sifa kuwa msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo, pamoja na uwakilishi wa jamii mbalimbali na nafasi sawa kwa wanawake, wanaume na watu wenye ulemavu. Ukongwe haumo. Unaweza kukusaidia pale wawili wanapolingana kwa kila kitu, na hata hapo ni hoja ya kujitetea tu.

Kwa hivyo anza na tangazo. Litafute sharti la muda na ulisome polepole, kwa sababu "miaka mitatu katika daraja la K" na "miaka sita katika utumishi wa umma" ni masharti mawili, na mara nyingine yote mawili yamo kwenye tangazo moja. Kisha tafuta mwongozo wa utumishi wa kada yako, ule unaoeleza muda na vyeti vinavyotakiwa kila ngazi. Afisa wa rasilimali watu wa idara anao. (Walimu walioajiriwa na tume yao, TSC, wana utaratibu wao, haya hayawahusu.)

Hatua ya pili ndiyo inayowaangusha wengi: tarehe. Toa barua zako zote uzipange: ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, na kila barua ya kupandishwa. Katika kila moja usiangalie tarehe iliyoandikwa juu kulia. Shuka chini mpaka pale panaposema cheo kinaanza kutumika lini. Barua inaweza kuandikwa 12 Februari na kusema cheo kinaanza 1 Machi. Inayohesabiwa ni hiyo ya Machi.

Waliotoka mabaraza ya zamani, ya Lamu na hata Malindi kule Kilifi, wana kazi ya ziada. Mabaraza yalikuwa na skeli zao za mishahara, si haya madaraja ya herufi. Barua iliyokuhamisha kutoka skeli kwenda daraja ndiyo ushahidi wako. Bila hiyo, miaka yako haina pa kuanzia.

Kukaimu nako kunadanganya watu. Umekalia kiti cha mkuu wa sehemu miaka miwili, umetia saini kila kitu, lakini daraja lako kwenye slipu ya mshahara ni lilelile la zamani. Taja kukaimu kama uzoefu, usikuingize kwenye hesabu ya muda wa daraja. Miaka ya kibarua au mkataba vilevile, ila kama barua ya kukubadilishia masharti imesema vinginevyo. Likizo ya uzazi ni jambo jingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili na inakataza kubaguliwa kwa ujauzito hata katika kupandishwa cheo. Anayetaka kukukata miezi hiyo mwombe akuandikie.

Yenye utata kuliko zote ni barua inayorudisha cheo nyuma. Ulirukwa mwaka 2019, ukalalamika, na mwaka 2022 ukapewa cheo "kuanzia 2019". Je, miaka hiyo mitatu umeitumikia? Ikiwa barua imerudisha daraja lenyewe pamoja na mshahara wake, unayo hoja nzito. Ikiwa imerudisha nafasi yako kwenye orodha ya ukongwe peke yake, bodi inaweza kusema uko juu ya wenzako ila hujatumikia muda, na kwa maoni yangu itakuwa imesoma barua sawasawa. Omba ufafanuzi wa maandishi siku unapoipokea, usingoje tangazo lijalo.

Barua ikikosekana, nenda masjala uombe nakala kutoka faili lako. Ukizungushwa, andika ombi rasmi: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu.

Sasa andika. Barua ielekezwe kwa katibu wa bodi, ipitie kwa mkuu wa idara yako, na aya ya kwanza ibebe hesabu yote:

"Niko daraja la K tangu tarehe 3 Novemba 2020 (barua imeambatishwa, kiambatisho cha 1). Kufikia siku ya kufungwa kwa maombi nitakuwa nimelitumikia daraja hili kwa miaka 5 na miezi 2 bila kukatiza."

Ambatisha fomu za tathmini ya utendaji kazi za miaka hiyo, vyeti, kitambulisho na slipu ya karibuni. Kiswahili ni lugha rasmi na barua yako ni halali, ingawa wengi huandika Kiingereza ili ifanane na fomu.

Wa Kiunga, Faza na Kizingitini wasingoje wiki ya mwisho, hasa kusi ikivuma na bahari kuchafuka. Ukimpa mtu akupelekee Mokowe, makao makuu ya kaunti, mpe nakala mbili: moja ibaki, nyingine irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mkuu wa idara akikawia kuipitisha, muhuri huo ndio utakaoonyesha ilikwama wapi.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo. Usikimbilie mahakamani. Rufaa huanzia Tume ya Utumishi wa Umma (PSC), chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi kutolewa, na kesi iliyoiruka tume hutupwa. Kwenye rufaa weka jedwali la tarehe zako, barua zenyewe na ule muhuri. Habari za kijana uliyempokea kazini ziache nje, isipokuwa unaweza kuonyesha kwamba naye hakutimiza muda.