Fungua mlango wa gari kwa mkono wa mbali
Ukishaegesha kando ya barabara, usifungue mlango kwa mkono ulio karibu nao. Tumia ule mwingine. Usukani ukiwa kulia, fungua kwa mkono wa kushoto; ukiwa kushoto, kwa wa kulia. Mkono ukivuka kifua, bega linageuka na shingo inafuata yenyewe: macho yanapita kwenye kioo cha pembeni, kisha yanatazama nyuma, kule kule anakotokea mwenye baiskeli. Kioo peke yake hakitoshi, kuna sehemu hakionyeshi.

Mwendesha baiskeli anayefunguliwa mlango ghafla ana mawili tu: augonge, au aukwepe na kuingia mbele ya gari linalomfuata. Hilo la pili ndilo linalonitisha zaidi.

Uingereza iliuingiza ushauri huu katika kanuni zake za barabarani mwaka 2022. Abiria wa nyuma nao waambiwe, hasa watoto, maana wengine husukuma mlango gari halijatulia. Nawe wa baiskeli, yapite magari yaliyoegeshwa kwa nafasi ya mlango mzima na ziada kidogo, hata kama walio nyuma wanakupigia honi.