Ukienda kuona Riverdance, kaa juu

Riverdance ni onyesho la dansi ya Kiayalandi. Safu ya mbele waachie wenye haraka. Ukiwa chini kabisa, ukingo wa jukwaa hukufichia miguu ya wachezaji, na miguu ndiyo uliyoilipia. Kata tiketi ya ghorofani, katikati.

Onyesho hili lilizaliwa Dublin mwaka 1994, kipande cha dakika saba tu katikati ya Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Wachezaji wakitoka na viatu vigumu, sikiliza kisigino na ncha: ngoma ndiyo hiyo. Mikono usiisubiri, imeganda ubavuni. Jigi, mojawapo ya midundo ya dansi hiyo, ya kawaida ina hesabu sita. Ya viatu laini, ile wanayoelea nayo, mara nyingi tisa.

Halafu mtafute mpiga zumari. Hapulizi! Anasukuma mvukuto kwa kiwiko, huku ameketi. Mimi humtazama huyo kuliko wachezaji.